Mawimbi ya Jiwe Katika Jiko la Ukwaju

Kando ya barabara kuu za Mombasa bara, iwe ni ile ya Malindi inayopita Bombolulu na Bamburi au ile ya Nairobi inayopita Changamwe na Miritini, hakukosekani karakana ya kukatia mawe. Mabamba husimamishwa nje, yameegemea vyuma, vumbi jeupe limeyafunika, na mpita njia haoni cha maana hadi fundi achote maji kwa kopo ayamwagie. Hapo ndipo rangi hutoka: mishipa ya kijivu ikajikunja, weupe wa maziwa ukaifuata, wekundu wa kutu ukakata katikati na kupotelea ukingoni. Mteja aliyekuja kutafuta kaunta nyeusi ya kawaida husahau alichotumwa na mkewe.

Zamani kidogo jiwe la aina hii lilikuwa la mahoteli na majumba ya Nyali. Sasa ghorofa zinaota Kisauni, Mtopanga, Mikindani na Mtongwe, na mwenye nyumba anayetaka mpangaji mzuri anajua kwamba mama wa nyumba huanza kukagua jikoni. Kaunta yenye mawimbi humfanya asimame. Nami nalipenda jiwe hilo, na kwa sababu nalipenda, inaniuma kuona fedha za miaka ya kujinyima zikitupwa kwa sababu mtu alichagua kwa macho peke yake. Jiwe la jikoni huchaguliwa kwa chakula kinachopikwa juu yake. Hapa pwani chakula hicho kina ndimu, ukwaju, manjano na mafuta ya moto, na maji ya kuoshea mara nyingi ni ya munyu.

Mawe matatu yenye asili tofauti kabisa huuzwa yakiwa na mawimbi yanayofanana. La kwanza ni marumaru halisi, ambayo asili yake ni mawe ya chokaa yaliyofukiwa, yakabanwa na kupikwa ndani ya ardhi hadi chembe zake zikajipanga upya. Ile mishipa ni udongo, mchanga na chuma vilivyokuwa vimechanganyika na chokaa tangu mwanzo. Kwa hivyo marumaru na matumbawe tunayojengea kuta zetu ni ukoo mmoja. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954, kilijengwa pale kwa sababu chini yake kuna mwamba wa matumbawe ya kale, na machimbo yake yaliyokwisha ndiyo yaliyopandwa miti yakawa Haller Park. Yeyote aliyewahi kuona ukuta wa mawe ya Kilifi uliotobolewa na mvua anajua tabia ya chokaa. Marumaru ina tabia hiyo hiyo, ila tu imevaa nguo ya harusi.

La pili dukani huitwa graniti, ingawa mengi ya mabamba yenye mawimbi makubwa ni yale ambayo wanajiolojia huyaita naisi. Ni mwamba uliopata joto na mgandamizo hadi ukalainika bila kuyeyuka wote, ukavutwa na kukunjwa, madini meupe yakajitenga na meusi kwa mistari. Mkazi wa Mombasa hahitaji kwenda mbali kuuona mwamba wa aina hii. Maporomoko ya Lugard, kwenye Mto Galana ndani ya Tsavo Mashariki, yanapita katikati ya naisi yenye michirizi, mto umeisugua hadi ikang'aa, na ukisimama pale unaona kaunta ya jikoni kabla haijakatwa. Mto huo huo ukishuka huitwa Sabaki, na kando yake, huko Baricho, ndiko kunakochotwa sehemu ya maji yanayoletwa Kisauni.

Mabamba mengi yaliyoko sokoni hutoka India. Yanashushwa bandarini Kilindini na kutoka kwa lori kupitia Changamwe. Lakini hata hayo si wageni. Yapata miaka milioni 550 iliyopita mabara ya kale yalipogongana, uliinuka ukanda wa milima uliopita Msumbiji, Tanzania na Kenya hadi Uarabuni, na wakati huo kusini mwa India, Sri Lanka na Madagaska vilikuwa vimeshikana na upande wetu. Vilima vya Taita ni masalio ya milima hiyo, na mawe mengi ya Tamil Nadu ni ya tukio hilo hilo. Bamba la mawimbi linalovuka bahari kuja Kisauni lina jamaa zake Voi. Wala si leo tu mawe ya India yamevuka. Katika karne ya 14 wachongaji wa Khambhat, katika Gujarati, walikuwa wakichonga marumaru kwa maandishi ya Kiarabu na kuyauza kwa miji ya Waislamu kuzunguka Bahari Hindi, na vipande vya kazi yao vimepatikana Kilwa.

La tatu ni kwatzi, jiwe la kiwandani. Unga na chembe za madini ya kwatzi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya uzito, huchanganywa na gundi ya plastiki, hubanwa kwa mashine na kupashwa joto hadi mchanganyiko ukauke. Mishipa yake huchorwa na binadamu kuiga marumaru nyeupe ya Italia, na ndiyo maana bamba la kwanza na la kumi yanaweza kufanana mshipa kwa mshipa. Wengine hulipenda kwa usawa huo. Mimi naona kasoro hapo hapo, kwa sababu uzuri wa wimbi ni kwamba halijirudii, lakini sitabisha na mtu anayetaka kaunta isiyonyonya doa.

Sasa tuyapeleke mawe hayo jikoni.

Marumaru na ndimu haviwezi kukaa pamoja. Asidi ya ndimu hula chokaa, na tone lililoachwa kwa dakika chache huacha alama iliyofifia, isiyong'aa, ambayo kitambaa hakiiondoi kwa sababu si uchafu: ni jiwe lenyewe lililoliwa. Siki hufanya hivyo, ukwaju hufanya hivyo, nyanya pia, na embe bichi la kachumbari halikadhalika. Fikiria jiko la mama anayekaanga viazi karai vya kuuza jioni, bakuli la ukwaju liko hapa, ndimu zilizokatwa zipo pale, pilipili ya kusaga imemwagika ukingoni. Mfungo mmoja tu wa Ramadhani na marumaru yake nyeupe itakuwa na ramani nzima ya futari zilizopita. Isitoshe, ni jiwe laini. Kisu cha kawaida huikwaruza marumaru, ilhali graniti ni ngumu kuliko chuma cha kisu.

Graniti na naisi hazijali ndimu. Adui wao ni kile kinachonyonywa: samli iliyomwagika, mchuzi wenye manjano, mabuyu ya rangi nyekundu. Mawe yenye rangi nyepesi na chembe kubwa hunyonya zaidi, na manjano yakishaingia kwenye naisi nyeupe huchukua muda kutoka. Dawa ya kuziba vinyweleo hupakwa jiwe likiwa kavu kabisa, huachwa linyonye, kisha ziada hufutwa kabla haijakauka juu. Hudumu mwaka au zaidi kutegemea matumizi. Kujua wakati wa kupaka tena ni rahisi: dondosha maji usiku, subiri robo saa, uyafute. Pakibaki kivuli cheusi, jiwe linanyonya.

Joto nalo lina hukumu yake. Karai la bajia likitolewa motoni lina mafuta yenye joto la nyuzi 180 au karibu na hapo, na gundi iliyo ndani ya kwatzi huanza kuharibika kwenye nyuzi 150 hivi. Ukilitua pale litaacha duara la manjano lisilofutika maisha. Graniti hustahimili sufuria ya moto, ingawa sishauri mtu ajizoeze, hasa karibu na tundu la sinki ambako jiwe ni jembamba. Jiko la makaa lisiwekwe juu ya bamba lolote. Na kinu kikae sakafuni, mahali pake. Kuna bamba zuri lililopasuka kwa sababu ya kutwangiwa kitunguu saumu kwenye ukingo usio na kitu chini yake.

Halafu kuna maji. Anayeishi Likoni anajua kwamba maji ya Marere na Tiwi hayafiki kila siku, na upande wa Kisauni ya Baricho nayo yana siku zake, kwa hivyo nyumba nyingi zina kisima au hununua maji ya madumu. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe hubeba chokaa na chumvi. Yakikauka juu ya jiwe huacha ukoko mweupe, na mahali pa kwanza ni kuzunguka shina la mfereji, pale maji yanapotuama. Juu ya naisi nyeusi ukoko huo huonekana kutoka mlangoni. Juu ya marumaru ni balaa, maana dawa ya kuuondoa ukoko ni siki, na siki huondoa ukoko pamoja na marumaru. Kwa nyumba ya maji ya munyu mimi ningechagua naisi ya rangi ya kati, kijivu cha majivu au hudhurungi, ambayo mawimbi yake tayari yana weupe ndani. Doa la maji hupotea humo, na kitambaa kikavu kila baada ya kuosha vyombo kitamaliza kazi iliyobaki.

Yote haya hayahitaji imani, yanapimika. Karakana zote zina rundo la vipande vilivyobaki. Omba kipande cha jiwe hilo hilo unalolitaka, nenda nacho nyumbani, weka tone la ndimu, la ukwaju, la mafuta na la manjano yaliyokorogwa, ukiache usiku kucha. Asubuhi kioshe kwa sabuni na ukigeuzegeuze kwenye mwanga. Penye tone la ndimu pakifa mng'ao, umeuziwa marumaru au jiwe lililochanganyika na chokaa, hata kama risiti imeandikwa graniti. Kwa jiwe jeusi sana lisilo na mchoro, futa upande mmoja kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kitambaa kikichafuka weusi, jiwe limepakwa rangi.

Kuchagua wimbi lenyewe ndiko kunakohitaji subira. Usikubali kuoneshwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Kipande kidogo cha jiwe lenye mawimbi hakikuambii lolote, kwa sababu upande mmoja wa bamba unaweza kuwa mtulivu na upande wa pili una fundo jekundu la ukubwa wa sinia. Bamba zima kwa kawaida lina urefu wa karibu mita 3 na upana wa mita 2 hivi, na lazima ulione lote, limelowa na limekauka, mchana, nje ya kivuli cha mabati. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Mwendo wa wimbi unaonekana ukiwa mbali, na kasoro zinaonekana ukiwa karibu, kwa hiyo tembea mbele na nyuma kwa muda wote utakaohitaji. Fundi mwema hakuharakishi.

Pitisha ukucha kwenye mishipa. Mshipa unaohisiwa sawa na jiwe lililo jirani yake ni salama. Ukucha ukikwama, muulize fundi kama ni ufa uliojazwa gundi. Mabamba yenye mawimbi makali mara nyingi hutiwa gundi na kuwekewa wavu nyuma kiwandani ili yasivunjike, na hilo si udanganyifu, ila ni sababu ya kujua ni wapi pasikatwe tundu la sinki. Gongagonga kwa sarafu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mlio ukibadilika ghafla ukawa wa uvungu, kuna kitu.

Sehemu ambayo wateja wengi huiacha mikononi mwa fundi, na ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kupanga ukataji. Jiko la ghorofa ya Kisauni huwa na kaunta ya upana wa sentimita 60, mara nyingi kwa umbo la herufi L. Wimbi kubwa linalopendeza kwenye bamba la mita 2 likikatwa kipande cha sentimita 60 linaweza kubaki mkia tu, na kichwa chake kikaenda kwenye mabaki. Chukua karatasi ngumu ya maboksi, kata kiolezo cha kaunta yako kwa vipimo kamili, na tundu la sinki likiwemo. Kiweke juu ya bamba, kisogeze, kigeuze, hadi uzuri uingie ndani ya kaunta na kasoro iingie ndani ya tundu la sinki. Kazi hiyo ni ya saa moja na haina gharama. Kwenye kona, wimbi lililokuwa likienda kwa urefu litakutana na linalokwenda kwa upana, na jicho litaona mkato huo kila asubuhi ya kupika chai. Kuna mafundi wanaojua kukata kona kwa mshazari mawimbi yakapokeana. Wanataka malipo zaidi, na wanastahili.

Jiko dogo halina haja ya wimbi la kelele. Kama kuta zako tayari zina taili za maua, chagua jiwe lenye mwendo wa polepole, au badilisha taili. Na upime urefu wa kaunta kwa mpishi wa nyumba. Fundi akiachiwa ataweka sentimita 90 kwa kila mtu, lakini anayekanda unga wa mahamri hutumia uzito wa mabega, na kwa mwanamke mfupi kaunta hiyo humchosha mikono. Sehemu moja ya chini kidogo, upande wa dirisha, ni msaada wa miaka mingi.

Bamba ni zito kuliko linavyoonekana. Graniti ya unene wa milimita 20 ina kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba, na ya milimita 30 ni kilo 81. Bamba zima la milimita 20 hukaribia au kupita kilo 300. Husafirishwa likiwa limesimama kwa ukingo wake, halilazwi kamwe, maana likilazwa huvunjwa na uzito wake lenyewe pindi gari likirukia shimo. Kwa anayejenga Likoni au Mtongwe hili si jambo la kupuuza. Kipande kilichokwisha tobolewa sinki kikipandishwa feri, ule mtikisiko wa kupanda na kushuka unatosha kukikata pembeni mwa tundu. Afadhali tundu likatwe nyumbani, au lori lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu ambako hakuna feri. Na juu ya ghorofa, kaunta ikae juu ya zege iliyomwagwa na kusawazishwa au juu ya makabati imara yasiyopindika. Vyuma vya kushikilia vipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote, kwa sababu hewa ya chumvi huvila kimya kimya, na jiwe hubaki halina cha kulibeba.

Nataka kusema jambo kuhusu vumbi, na nalisema kwa uzito. Vumbi lile jeupe linalomfunika kijana mwenye grainda lina silika. Likivutwa miaka, huweka makovu kwenye mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi, na makovu hayo hayaponi. Marumaru ina silika kidogo, graniti ina kiasi kikubwa, na kwatzi ya kiwandani ndiyo iliyojaa. Vijana wanaokata kwatzi wamekufa katika nchi zenye hospitali nzuri kuliko zetu, hadi Australia ikaipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, lakini pale kando ya barabara mara nyingi mlinzi ni leso iliyofungwa puani, na leso haizuii vumbi hilo. Maji ndiyo huzuia. Diski ikimwagiwa maji wakati wa kukata, vumbi huwa tope na kuanguka chini. Mteja ana nguvu hapa kuliko anavyodhani. Ukienda kuweka oda, sema wazi kwamba jiwe lako likatwe kwa maji, na kama bei itapanda kidogo kwa ajili ya maji na barakoa ya kweli, ilipe. Nisingetaka kupika biriani ya Idi juu ya kitu kilichomgharimu mtoto wa mwenzangu pumzi zake.

Kwa ambaye hesabu imekataa, tarazo ipo, na mafundi wa Mombasa wanaijua vizuri. Vipande vya marumaru huchanganywa na saruji nyeupe, humwagwa palepale juu ya zege, kisha husagwa kwa mashine hadi ing'ae. Haitoi mawimbi, hutoa madoa, na kwa kuwa saruji nayo ina chokaa haipendi ndimu sana. Lakini haina maungio, hutengenezwa bila kusafirisha bamba lolote, na ikichoka husagwa upya. Nimeona tarazo za nyumba za zamani zinazoaibisha graniti mpya.

Siku ya kukabidhiwa kazi, kabla ya kumaliza kulipa, mwaga maji juu ya kaunta nzima na uangalie yanaelekea wapi. Yakituama nyuma ya mfereji, fundi arekebishe sasa, maana akishaondoka itakuwa vigumu kumrudisha. Kagua silikoni ukutani, chungulia chini ya tundu la sinki kwa tochi, kisha dai mabaki yako. Bamba ulilinunua zima, kwa hivyo kile kipande kilichotoka kwenye tundu la sinki ni mali yako, na ni kizuri. Mwambie fundi akisawazishe kingo na kuzilainisha kwa msasa. Graniti hubaki baridi hata jiko likichemka, na unga wa chapati ukisukumiwa juu yake haushiki haraka. Vipande vidogo zaidi vinatosha kutua sufuria za moto, na kimoja kiwekwe kando kwa ajili ya majaribio ya dawa mpya za kusafishia kabla hazijagusa kaunta yenyewe.